Kabla ya kuingiza kayaki kwenye mkondo mkali, shuka uusome

Mto wa bonde la milimani hubadilika ndani ya siku moja. Jua likipanda, theluji na barafu za vileleni huyeyuka, na maji yake huchukua saa kadhaa kufika chini. Ndiyo maana mto uliokuwa mpole asubuhi unaweza kufura jioni. Ukiambiwa kipande fulani ni daraja la III, yaani ugumu wa kati katika kipimo cha daraja la I hadi VI, hiyo ni habari ya kina cha maji cha siku nyingine. Habari ya leo utaipata ukingoni, kwa miguu.

Hatua ya kwanza: weka jiwe pale maji yanapoishia, kisha endelea kuvaa kofia ngumu, jaketi la kuelea na sketi ya kayaki, yaani kitambaa cha kiunoni kinachoziba tundu la kukalia ili maji yasiingie. Litazame tena baada ya dakika 20. Likiwa limefunikwa, maji yanapanda. Mimi hapo huahirisha hadi kesho asubuhi.

Hatua ya pili: ukiwa mtoni, ukiona mbele maji yamekatika kama ukingo wa meza na huoni yanakoangukia, jibanze nyuma ya mwamba, pale maji yanapozunguka na kupoa. Fanya hivyo mapema, ukiwa bado na mwamba mwingine wa akiba.

Hatua ya tatu ndiyo ya kuipa muda. Shuka ukingoni, tembea hadi mwisho wa mkondo mkali, halafu usome ukirudi juu, kwa sababu miamba mingi inayofichwa na maji ukiwa juu huonekana wazi ukiwa chini. Jiulize kwanza: nikipinduka, nitaishia wapi? Kukiwa na maji tulivu, utapata pa kujiokoa. Kukiwa na mti ulioanguka, achana napo. Maji hupenya kati ya matawi, mtu hapenyi. Niliwahi kupita mahali bila kushuka kwa kuwa wiki iliyotangulia nilipita salama. Mti wa unene wa mkono tu ulikuwa umelala katikati ya njia yangu. Nilitoka kwa sababu mwenzangu alikuwa ukingoni, kamba mkononi.

Sasa tafuta njia. Maji huchora herufi V: ncha ikielekea chini ya mto, huo ni ulimi wa kupitia, ikielekea juu, kuna mwamba umejificha hapo. Shimo la povu, pale maji yanapoanguka nyuma ya mwamba na kujirudia juu, nalo litazame kingo zake. Zikipinda kuelekea chini, litakutoa pembeni. Zikipinda kuelekea juu, litakurudisha katikati kila ukijaribu kutoka, kwa hiyo lipishe mbali.

Hatua ya nne: mweke mwenzako na kamba ya kutupa chini ya sehemu mbaya kuliko zote. Kubalianeni ishara: kasia wima ni pita; kasia limelazwa juu ya kichwa ni simama; filimbi mara tatu ni kuna hatari. Kulia na kushoto huhesabiwa ukitazama mto unakoelekea.

Hatua ya tano: upe mto kisogo, utaje njia kwa sauti: "Kulia mwa mwamba mweusi, kasia mara tatu kwa nguvu, kisha kushoto." Ukikwama kuitaja, beba kayaki begani upite kwa miguu.

Na ukiwa ndani, maji yakikubana ubavu kwenye mwamba, ulalie mwamba huo kama unaukumbatia. Ukijivuta kuukimbia, mto utapanda juu ya kayaki kutoka upande wa pili na kukupindua papo hapo.