Jina la msanii likae juu ya jalada

Ukisanifu jalada la santuri ya inchi 12, weka jina la msanii ndani ya sentimita 8 za juu. Dukani santuri husimamishwa kwenye makreti na mnunuzi huzipekua kwa vidole akiona sehemu ya juu tu. Jina lililo chini halionekani mpaka jalada livutwe, na wengi hawalivuti. Lakini lisiguse ukingo: acha milimita 5, maana kisu cha kiwandani kinachokata majalada huyumba kidogo. Mgongoni, yaani ubavu mwembamba wa jalada wenye upana wa kama milimita 3, epuka herufi nyembamba nyeupe juu ya nyeusi, wino huzimeza. Kwenye simu mbinu hii haisaidii. Picha hubaki ndogo kama kucha, na programu ya muziki huandika jina pembeni yake hata hivyo.