Serikali ifanye nini watu wanapouana kwa bunduki (na isianzie wapi)

Tukio likitokea kinachofuata kinajulikana, waziri atapanda helikopta, atatoa pole, ataunda tume, polisi watafanya msako wiki mbili wazoe vijana waliokuwa wamekaa tu kijiweni, halafu kimya mpaka lingine. Sasa naandika hapa kama vile wizara umekabidhiwa wewe, leo asubuhi, na simu haiachi kuita.

Usitangaze chochote kabla hujajua watu wanakufaje. Najua unabanwa useme kitu, sema pole basi inatosha. Maana vifo vya bunduki sio ugonjwa mmoja, kuna anayejiua, kuna mke anayepigwa risasi na mumewe chumbani, kuna magenge, kuna ujambazi, kuna wizi wa mifugo, kuna polisi wenyewe kuua raia, na kuna yule mmoja anayeingia shuleni au kwenye nyumba ya ibada akamimina risasi. Kila kimoja na dawa yake na ukichanganya unatibu malaria kwa bandeji. Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni watu waliojiua lakini ukisikiliza mabishano yao utadhani wote wamepigwa risasi barabarani.

Kujua sio kazi ya kisayansi sana. Mji wa Cali, Colombia, mwaka 1992 walipata meya anaitwa Rodrigo Guerrero, daktari, kasomea kabisa magonjwa ya milipuko. Kila mtu mjini alikuwa anasema ni wauza unga ni wauza unga. Yeye akawakalisha polisi, watu wa afya na wa mahakama meza moja kila wiki, wapitie kifo kimoja kimoja, nani, wapi, saa ngapi, silaha gani. Kumbe mauaji yanajazana wikiendi, sikukuu na siku za mshahara, na pombe imo. Basi ndio akapunguza saa za kuuza pombe na kupiga marufuku kutembea na bunduki siku hizo hizo, wenye vibali wakiwemo. Mauaji yakapungua siku za marufuku. Angefuata maneno ya mtaani angekuwa bado anawinda wauza unga. Kwa hiyo hicho kikao cha kila wiki ndio kitu chako cha kwanza, na mtu wa mochwari asikose, yeye ndio anajua ambayo polisi hawakuandika.

Ukishajua ndio unachagua. Kama wengi wanajiua, kazi yako ni kuweka umbali kati ya mtu na bunduki kwa saa chache tu, kwa sababu ile hamu ya kufa kwa wengi inakuja na kuondoka. Jeshi la Israel mwaka 2006 liliamuru wanajeshi waache bunduki kambini wakienda nyumbani wikiendi, hicho tu, na wanajeshi kujiua kukashuka kwa kama asilimia 40. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Kama ni vifo vya majumbani, sheria iseme mwanamke akipewa amri ya ulinzi na mahakama basi polisi wanaenda kuchukua silaha ya huyo mwanaume siku hiyo hiyo, sio kumwandikia barua ailete mwenyewe akipata nafasi (yaani kuna nchi zinafanya hivyo na zinashangaa).

Magenge ndio serikali zinakosea zaidi kwa sababu zinapigana na mtaa mzima wakati wanaoua ni wachache mno. Boston miaka ya 90 walihesabu wakakuta vijana wa magenge ni kama asilimia 1 ya vijana wote wa mji ila wamo kwenye zaidi ya nusu ya mauaji ya vijana. Mwaka 1996 wakawaita hao hao ana kwa ana, polisi, mwendesha mashtaka, wachungaji, watu wa ajira, wote chumba kimoja, wakawaambia mambo mawili: anayetaka kutoka msaada huu hapa, na genge litakaloua mtu mwingine litabanwa lote kwa kila kosa dogo lililonalo. Mauaji ya vijana yalishuka zaidi ya nusu. Halafu kwenye mwaka 2000 wakaiacha, mambo si yametulia bwana, na mauaji yakapanda tena. Hiyo ya mwisho iandike ukutani ofisini.

Haya, bunduki zenyewe. Kila mtu anataja Australia na wana haki, watu 35 waliuawa Port Arthur tarehe 28 Aprili 1996 na siku 12 baadaye serikali ya John Howard ilikuwa imekubaliana na majimbo yote. Lakini watu wanakumbuka kununua tu, kwamba serikali ilinunua bunduki kama laki sita na nusu kutoka kwa wananchi. Wanasahau yaliyokwenda pamoja, kila silaha isajiliwe, mnunuzi asubiri siku 28, aeleze sababu ya kweli ya kuitaka, na kujilinda haihesabiki kuwa sababu. Pesa nayo ilitengwa, walipandisha kidogo kodi ya afya kwa mwaka mmoja. Ukinunua bila kubana mlango wa kuingilia umewapa watu hela ya kununua mpya tu.

Na kabla hujaiga jiulize wenye bunduki wanaziweka kwa ajili gani. Karamoja, Uganda, mwaka 2001 wafugaji waliambiwa wasalimishe, wengine wakasalimisha kweli, serikali ikiahidi kuwalinda na mifugo yao. Mwaka uliofuata wanajeshi wengi wakahamishwa kwenda kupigana na waasi wa LRA na waliosalimisha wakavamiwa na majirani ambao hawakusalimisha. Sasa nani atakuamini mara ya pili? Unyang'anyi wa upande mmoja ni kuchagua nani afe. Ulinzi unatangulia, na pande zote zinakusanywa kwa wakati mmoja, hata ng'ambo ya mpaka.

Kuhusu zawadi kwa wanaorudisha, ni nzuri vita ikishaisha. Msumbiji kuanzia 1995 makanisa yalikuwa yanabadilishana, unaleta bunduki unapewa cherehani, baiskeli au majembe, na bunduki zinakatwakatwa hapo hapo. Kukatakata ni muhimu kuliko zawadi, silaha iliyokusanywa ikawekwa stoo hurudi mtaani kupitia dirisha la nyuma.

Hapo ndipo penye aibu. Silaha na risasi nyingine zinazoua raia zilitoka ghala la serikali, askari kauza, kaazimisha, kaibiwa akanyamaza. Kwa hiyo hesabu ghala zako mwenyewe kwanza, kila bunduki ichongwe namba, na risasi pia, boksi kwa boksi, kikosi gani kilipewa lini. Wahesabuji wasitoke kikosi hicho hicho. Bunduki inaishi miaka hamsini ila bila risasi ni rungu la bei mbaya, na risasi huisha haraka, ndio maana anayefuata risasi humfikia muuzaji mapema.

Mwisho wataalamu waachie wafanye utafiti. Bunge la Marekani mwaka 1996 liliweka kifungu kilichowatisha watafiti wa afya wa serikali wakaacha kugusa bunduki kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwishoni mwa 2019 ndio zikatengwa tena dola milioni 25. Wewe fanya kinyume, takwimu za kile kikao cha wiki zitoke hadharani kila mwezi tarehe ile ile, na zile za waliouawa na polisi zikae kwenye jedwali hilo hilo, sio kiambatisho.