Kabla hujatuma pesa ya SSD ya mtandaoni

Ukikuta SSD ya nje (diski ya kuhifadhia faili unayochomeka kwenye kompyuta) ya terabaiti 16 inauzwa shilingi 50,000 za Tanzania kwenye Facebook Marketplace, pita tu. Ndani huwa kuna memori kadi ndogo, pengine ya gigabaiti 64, iliyochezewa ili iidanganye kompyuta. Windows itaonyesha ukubwa huo wa uongo, na faili zitaonekana zimeingia. Nafasi halisi ikijaa, zinazofuata zinapotea au zinaandikwa juu ya zile za mwanzo, nawe utagundua siku unayotafuta picha za harusi.

Kipimo chake ni H2testw, programu ya bure ya Windows. Wenye Linux na Mac watumie F3. Programu hizi zinajaza diski ikiwa tupu, kisha zinasoma tena kilichoandikwa. Diski kubwa huchukua saa nyingi, kwa hiyo kubalianeni mapema siku mbili za kurudisha, na makubaliano yawe kwa maandishi, hata ya WhatsApp.

SSD iliyotumika ni rahisi zaidi kuikagua. Muombe muuzaji picha ya CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayoonyesha hali ya diski, yenye serial namba, kisha mkikutana hakikisha ni ileile. Angalia afya, saa ilizokaa imewashwa na jumla ya data iliyoandikwa. Saa 12 tu kwenye diski yenye skrubu zilizochubuka? Huenda historia imefutwa.

Na "tuma nusu nikuwekee, wateja ni wengi"? Mwambie awauzie hao wengi. M-Pesa unabonyeza mkiwa mbele ya kompyuta.