SOMO: Plagi ya pikipiki inakufa kila wiki? Isome kabla hujaitupa

Habari zenu wakuu. Mteja akija na plagi ya tatu ndani ya mwezi mmoja, mimi simuuzii ya nne. Kuna kitu kinaiua, na alama zake huwa zimebaki kwenye ncha. Nazungumzia pikipiki zetu za kabureta, cc 125 hadi 150, zinazotumia plagi ya NGK namba D8EA na ndugu zake.

1. Acha injini ipoe. Kichwa cha silinda ni aluminiamu. Ukifungua plagi kikiwa bado cha moto unaweza kutoka na meno ya tundu. Puliza vumbi kabla ya kulegeza, mchanga usidondokee ndani. Spana ni namba 18.

2. Ipeleke juani uisome. Hapa usiwe na haraka.

Rangi ya chai ya maziwa: plagi haina kosa, tafuta kwingine.

Masizi makavu yanayofutika kwa kidole: petroli nyingi, hewa kidogo. Angalia kama choki imerudi, chujio la hewa limeziba, au floti ya kabureta inavujisha.

Nyeusi na imelowa oili: injini inakula oili. Usikubali kufunguliwa injini bado. Washa asubuhi. Moshi wa bluu ukitoka kidogo kisha ukakata, shuku sili za valvu. Ukitoka kila ukivuta mafuta, shuku ringi za pistoni. Ukitaka uhakika, zima swichi, mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki taratibu. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, ringi au silinda imeisha. Ikibaki nyepesi vilevile, valvu hazikai vizuri.

Nyeupe kama chokaa, ncha zimeliwa: joto limezidi. Huenda mpira wa kabureta unavuta hewa, jeti (kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta) imeziba, au umefunga plagi ya namba isiyo yake. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, yaani inayotoa joto haraka. Bosch wamegeuza, ndogo ndiyo baridi. Wauza duka wengi hawalijui hilo. Nyeupe usiipuuze hata siku moja, inatoboa pistoni.

3. Kagua kofia ya plagi. Hii ilinifedhehesha. Nilimbadilishia jamaa plagi mbili, nikalaumu duka, kumbe kofia ina ufa na pikipiki inasumbua siku za mvua tu. Tulizima taa usiku, tukaona cheche za bluu zikirukia kwenye kichwa cha injini. Kofia mpya, kesi ikaisha.

4. Kufunga. Pima mwanya wa ncha kwa fila (vile vibati vyembamba vya kupimia): milimita 0.6 hadi 0.7 kwa D8EA. Zungusha kwa mkono mpaka igote, ndipo spana: nusu mzunguko kwa mpya, kwa iliyotumika gusa kidogo tu. Wale wa kukaza mpaka mshipa wa shingo utoke, ndio wanaoleta vichwa vichongwe meno upya.

MASWALI

Fundi, mimi huwa naipiga msasa na kuichoma kwa petroli, inawaka. Kuna ubaya?
Itakufikisha nyumbani, sawa. Lakini moto wa ghafla unaweza kupasua kauri, na brashi ya chuma huacha chembe zinazopotosha umeme. Bei ya plagi ni ndogo kuliko ya kusukuma pikipiki, mdogo wangu.

Shikamoo fundi. Feki naijuaje?
Marahaba. Ile washa yake, pete ya chini ya meno, ikichomoka kirahisi kwa vidole, tia shaka. Zenye herufi R kwenye namba zina rezista (kizuizi cha umeme) ndani: mita ya umeme isome karibu kiloomu 5 kutoka juu hadi ncha ya katikati. Ikisoma sifuri, umeuziwa chuma.

Mkuu, yangu plagi mpya, rangi nzuri, lakini ikipata moto inazima. Nikisubiri nusu saa inawaka kama haikuwa yeye.
Ikizima tu, hapohapo chomoa kofia, plagi iache maana injini ni ya moto; ivike kofia plagi ya akiba, gusisha chuma chake kwenye injini, piga kiki. Usiishike kwa mkono mtupu. Hakuna cheche? Ni koili ya juu au ile ya kwenye sumaku, imechoka na joto. Cheche ipo? Subiri ipoe kabisa, pima nafasi ya valvu. Zikibana sana hazifungi injini ikichemka. Anza na valvu, kuzirekebisha hakuna spea ya kununua.