Kabla hujalipa ada ya chuo cha LVN Texas

Jina la LVN (Licensed Vocational Nurse) linatumika katika majimbo mawili tu ya Marekani, Texas na California. Kwingineko muuguzi wa ngazi hiyo huitwa LPN. Ni muuguzi mwenye leseni, anasimama juu ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, na chini ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa: anatoa dawa, anasafisha na kufunga vidonda, anaweka katheta, anamwangalia mgonjwa na kutoa taarifa ya hali yake kwa RN au daktari anayemsimamia. Kwa wenzetu wengi waliofikia Dallas, Fort Worth au Houston na kuanza maisha kwa kazi ya CNA, hii ndiyo ngazi inayofuata. Lakini mafunzo ya CNA hapa Texas ni saa 100, na ya LVN hayapungui saa 1,398. Watu wengi huchagua chuo cha LVN kama walivyochagua darasa la CNA, yaani kile kilicho karibu na nyumbani na kinachoanza mwezi ujao, kisha mwaka mzima na fedha zote vinapotea.

Anza na orodha ya Bodi ya Uuguzi ya Texas, iliyo wazi kwenye tovuti yake. Tafuta humo jina la chuo, kampasi unayokwenda na hali ya kibali chake. Chuo chenye kibali kamili ni salama kuanzia. Chenye kibali kamili pamoja na onyo kimeshindwa jambo fulani, na unapaswa kuuliza ni lipi. Chenye kibali cha masharti hakiruhusiwi kupokea wanafunzi wapya. Kibali cha awali maana yake chuo ni kipya na hakijatoa wahitimu wa kutosha kupimwa. Usichanganye kibali hiki na cheti cha Texas Workforce Commission, idara ya ajira ya jimbo, ambacho kinaruhusu chuo binafsi kufanya biashara ya mafunzo. Chuo kinaweza kuwa na cheti hicho ukutani, kikafundisha CNA na kazi ya kuchukua damu ya vipimo kihalali kabisa, na bado kisiwe na ruhusa ya kufundisha LVN. Ukiambiwa “maombi yetu yako bodi, jiandikishe tu,” ondoka. Asiyehitimu chuo kilichoidhinishwa hafanyi mtihani wa leseni.

Pembeni ya kila jina utaona asilimia ya waliofaulu kwa mara ya kwanza NCLEX-PN, ndio mtihani wenyewe wa leseni ya ngazi hii. Bodi inataka isipungue 80, na mwaka wake wa mtihani huanza Oktoba 1 na kuishia Septemba 30. Angalia miaka mitano, si mmoja. Angalia pia idadi ya watahiniwa, kwa sababu asilimia 100 ya watu sita haina uzito wa asilimia 91 ya watu sabini. Hata hivyo namba hiyo inaficha jambo kubwa kuliko linaloonyeshwa: inahesabu waliofika kwenye mtihani tu. Darasa likianza na watu 40, wakabaki 14 na wote 14 wakafaulu, chuo kitatangaza asilimia 100, na wale 26 watabaki na deni. Kwa hiyo uliza swali hili neno kwa neno: katika madarasa matatu yaliyopita, walianza wangapi na wangapi walihitimu kwa wakati? Msajili anayejua chuo chake atajibu. Anayezungukazunguka naye amekujibu.

Swali linaloambatana na hilo ni la mtihani wa kutokea. Vyuo vingi hutoa mtihani wa mwisho wa HESI au ATI, unaotungwa na kampuni ya nje, na vingine humzuia mwanafunzi aliyefaulu masomo yote mpaka afikishe alama fulani kwenye mtihani huo. Mkuu wa programu ndiye anayeithibitishia bodi kwamba umehitimu, na bila uthibitisho wake huruhusiwi kufanya NCLEX. Taka uonyeshwe kwa maandishi alama inayotakiwa, unaruhusiwa kurudia mara ngapi, na kila marudio yanagharimu kiasi gani.

Sasa saa za wodini, na hapa ndipo tungependa utumie muda wako mwingi. Kati ya saa 1,398 za Texas, zisizopungua 558 ni za darasani na 840 ni za mafunzo kwa vitendo. California inataka 1,530: 576 za nadharia na 954 za vitendo. Sheria inahesabu saa, lakini haikuambii saa hizo utazitumia kufanya nini. Kuna chuo kinachowapeleka wanafunzi hospitalini, wodi ya wazazi, wodi ya watoto, kliniki na nyumba za kutunzia wazee. Kuna kingine kinachowaweka nyumba ya wazee miezi yote, wakilisha na kubadilisha nepi, kazi ambayo CNA tayari anaiweza. Mwanafunzi wa pili anafika kwenye NCLEX akiwa hajamwona mama aliyejifungua saa mbili zilizopita wala mtoto mwenye dripu.

Basi omba majina ya sehemu za mafunzo, na uulize kama mikataba nazo imesainiwa au “inashughulikiwa”. Hospitali ikikatisha mkataba katikati ya muhula, darasa zima husimama. Uliza mkufunzi mmoja husimamia wanafunzi wangapi wodini. Texas kikomo ni kumi, California kumi na tano, na wakiwa saba au wanane kila mmoja anapata nafasi ya kutoa dawa kwa mkono wake mkufunzi akitazama. Uliza ni saa ngapi hufanyika kwa midoli ya mazoezi badala ya wagonjwa. Midoli ni mizuri kwa kufundishia moyo uliosimama au damu kuvuja baada ya uzazi, matukio ambayo huwezi kuyasubiri yatokee wodini. Ila saa za midoli zikikaribia nusu ya zote, mara nyingi chuo kimekosa hospitali. Programu inayosema yote ni mtandaoni si ya kweli: nadharia yaweza kusomwa kwenye kompyuta, lakini hakuna anayejifunza kuchoma sindano kwa kutazama video.

Hatari ya vyeti vya kununua si hadithi. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka katika kesi iliyoitwa Operation Nightingale, ambapo shule tatu za Florida zilihusishwa na uuzaji wa vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600, vikiwemo vya ngazi ya LPN. Kuna wanunuzi waliofaulu NCLEX na kuajiriwa, kisha bodi za majimbo zikawafuata. Dalili zake ni zilezile: muda mfupi usioelezeka, bei moja ya “kila kitu”, dalali wa kijamii anayepokea fedha kwa simu, na ahadi ya nakala ya alama ya chuo ambacho hujawahi kukanyaga. Dalali akiwa mtu wa nyumbani, anayezungumza lugha yako na mnayeswali au kusali naye, hilo halibadilishi chochote.

Upande wako wewe, maandalizi yaanze miezi nane hadi kumi kabla ya tarehe ya kuanza. Jina ndilo la kwanza. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye cheti cha shule, mawili kwenye kadi ya kijani, na yamepinduliwa kwenye leseni ya udereva. Siku ya NCLEX jina kwenye kitambulisho lisipolingana na la usajili unarudishwa mlangoni, na dola 200 za mtihani zinapotea. Sahihisha mapema, kwa utaratibu wa uhamiaji au mahakama, kabla jina lenye kosa halijaingia kwenye rekodi za chuo.

Cheti cha sekondari cha Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi kinapelekwa kwanza kwenye taasisi ya tathmini inayokubaliwa na chuo chako, kwa kawaida mwanachama wa NACES, umoja wa taasisi zinazotathmini vyeti vya nje. Uliza chuo kabla ya kulipa, maana kuna aina ya tathmini ya jumla na kuna ya somo kwa somo, na bei zinatofautiana. Aliyepoteza vyeti kambini au vitani asisubiri barua isiyokuja. GED, mtihani wa Marekani unaochukua nafasi ya cheti cha sekondari, ina masomo manne, alama ya kufaulu ni 145 kwa kila moja, na kwa mtu mwenye msingi wa hesabu na Kiingereza ni njia ya haraka kuliko kutafuta nakala kutoka shule iliyofungwa.

Bodi pia huchukua alama za vidole na kupekua rekodi ya jinai. Kama uliwahi kukamatwa, hata kesi ikafutwa, usingoje uhitimu ndipo ujue hatima yako. Texas ina utaratibu unaoitwa Declaratory Order: unaiomba bodi iamue mapema kama utastahili leseni. Huchukua muda, ndiyo sababu ufanywe kabla ya ada.

Chanjo huwachelewesha watu kuliko mtihani. Ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Texas haimruhusu mwanafunzi kugusa mgonjwa kabla hajaikamilisha. Ipo pia chanjo ya dozi mbili zinazopishana wiki nne, muulize daktari. Utatakiwa uthibitisho wa surua, tetekuwanga, pepopunda na mafua ya msimu. Aliyeingia nchini kama mhamiaji au mkimbizi huenda tayari ana rekodi kwenye fomu ya DS-3025 ya uchunguzi wa afya, kwa hiyo itafute kwenye bahasha zako za zamani. Kama huna kitu, kipimo cha damu cha kingamwili kinakubalika vyuo vingi.

Kuhusu kifua kikuu, sikiliza vizuri. Karibu sote tulichanjwa BCG utotoni, na kovu liko begani au mkononi. Kipimo cha sindano ya ngozini kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukaonekana una maambukizi na kutumwa kwenye picha za kifua na miezi ya maelezo. Omba kipimo cha damu cha IGRA, ambacho BCG haikivurugi. Kifanyike siku moja na chanjo ya surua au usubiri wiki nne baada yake, kwani chanjo hai huweza kuharibu majibu.

Mtihani wa kuingilia huwa TEAS au HESI A2. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209: kusoma, hesabu, sayansi, na Kiingereza. Anayefanya kazi zamu za usiku ajipe wiki nane za kujisomea, si mbili. Ukishaingia utakutana na mtihani wa hesabu za dawa, na vyuo vingi havikuruhusu wodini bila alama 90 au zaidi. Waliosoma kwa Kifaransa wajihadhari: huko nusu miligramu huandikwa 0,5, hapa ni 0.5 kwa nukta, na sifuri ya mbele haiachwi kamwe. Zikae kichwani mapema: kilo moja ni pauni 2.2, kijiko cha chai ni mililita 5, aunsi moja ya kimiminika ni mililita 30.

Ratiba ya vitendo nayo si rafiki. Wodi nyingi huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa unayokosa lazima ifidiwe kwa sababu sheria inahesabu. Mtu anayetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi hawezi kuwa wodini saa hiyo. Kama huwezi kupunguza kazi hadi zamu mbili za mwisho wa wiki, tafuta chuo chenye madarasa ya jioni, ujue kitachukua takriban miezi 18 hadi 24. Weka akiba ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu, maana miezi ya mwisho ndiyo migumu zaidi. Na baba au mama mwenye watoto wadogo apange mlezi wa pili, atakayeitwa wa kwanza akiumwa.

Ada inatofautiana sana. Chuo cha jamii kwa mkazi wa wilaya yake ndicho cha bei nafuu, na vyuo binafsi mara nyingi hupita dola 20,000. Mwenye kadi ya kijani, mkimbizi au aliyepewa hifadhi ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwani ruzuku ya Pell, ambayo hailipwi tena, hufika dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Mwenye viza ya mwanafunzi haipati. Uliza bei yote kwa pamoja: vitabu, sare, akaunti ya ATI, bima, kadi ya BLS (mafunzo ya kuokoa maisha), alama za vidole.

Kama nia yako ni kufika RN, kabla ya kusaini chochote piga simu kwenye chuo cha RN unachokitaka na uulize kama kinapokea wahitimu wa chuo hiki cha LVN. Vyuo vingi vinavyohesabu masomo kwa saa, si kwa krediti za chuo, haviwezi kuhamisha masomo yao, na programu za kuvuka kwenda RN hudai anatomia na fiziolojia yenye maabara, mikrobiolojia na Kiingereza cha chuo, vyote unavyoweza kuanza kuvisoma mapema kwa bei ya chuo cha jamii. Kumbuka pia kwamba leseni ya Texas inaweza kutumika katika majimbo mengine ya mkataba wa wauguzi, yaani majimbo yaliyokubaliana kutambua leseni moja, lakini California haimo kwenye mkataba huo.

Mkataba wa chuo binafsi uchukue nyumbani, usisaini siku uliyoonyeshwa madarasa. Ukiwa umeshasaini na moyo umekataa, sheria ya Texas inakupa mpaka usiku wa manane wa siku ya tatu kuuvunja na kurudishiwa fedha zote, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ukisaini Ijumaa, siku yako ya mwisho ni Jumatano. Fanya kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye tarehe.