Orodha ya kazi za siku isiyolaza viporo

Orodha nyingi za kazi hufa siku ya tatu, na mara nyingi tatizo si uvivu. Ni hesabu tu: karatasi imebeba kazi za saa kumi na nne, na siku ina saa tano zilizo huru. Zisizofanyika zinalala viporo, vinaongezwa juu ya kazi za kesho, na keshokutwa mtu hataki hata kulifungua daftari.

Tuchukue fundi cherehani, kwa kuwa kazi yake inahesabika na mteja wake hasahau tarehe.

Unahitaji daftari moja na vipande vya karatasi. Daftari ni ghala: kila jambo linalokujia kichwani liingie humo, bila mpangilio. Kipande ni cha leo peke yake. Kunja karatasi ya A4 mara mbili, kata, utapata vipande vinne. Kimoja ni siku moja. Udogo wake ndio faida yake, maana kazi isiyoenea hapo inabaki ghalani.

Andika usiku, baada ya kula, kwa dakika tano hadi kumi. Asubuhi tayari kuna watoto, ndoo za maji na simu ya mteja mwenye haraka, na utaandika kinachopiga kelele badala ya kinachotakiwa. Usingizi nao unafaidika: katika jaribio la watu 57 lililochapishwa Marekani mwaka 2018, walioandika kazi zao zijazo kwa dakika 5 kabla ya kulala walisinzia wastani wa dakika 9 mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza.

Kila mstari uanze na kitendo. “Gauni la Mama Asha” si kazi, ni kichwa cha habari. Ukilitazama unaanza kujiuliza limefika wapi, kisha unashika kitu kingine. Andika “Kata kitambaa cha gauni la Mama Asha”. Kesho yake “Unga mabega na mikono”, halafu “Kunja pindo na kupiga pasi”. Kipimo ni hiki: je, msaidizi wako akipewa karatasi hiyo bila maelezo, atajua ashike nini kwanza? Kama hajui, mstari haujaandikwa vizuri. Jambo linalozidi saa mbili likatwe vipande, au liandikwe kwa idadi: “Shona mashati 3 ya sare”, si “Sare za shule”.

Sasa hesabu, sehemu ambayo wengi huiruka. Fundi anayefungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni yupo kazini saa 10. Toa saa 1 ya chakula na sala, saa 3 za wanaoingia kupimwa, kuchukua nguo na kuuliza bei, na saa 1 ya simu na kufuata uzi na vifungo. Zimebaki 5. Pembeni ya kila kazi andika muda unaoukisia, kisha zidisha kwa moja na nusu. Si kujionea huruma. Mwaka 1994 watafiti wa Canada waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao zingechukua siku ngapi. Wastani wa makisio ulikuwa karibu siku 34, nazo zikachukua zaidi ya 55. Hata walipotakiwa kukisia mambo yakiharibika kabisa, walisema karibu 49. “Njoo kesho” ya mafundi inatoka hapo hapo: fundi aliamini kweli kwamba angemaliza.

Kwa fundi wetu kipande kitasomeka hivi:

Kata gauni la Mama Asha: dakika 40, weka saa 1.
Shona mashati 3 ya sare: saa 2, weka saa 3.
Weka zipu ya sketi ya bluu: dakika 20, weka nusu saa.
Mpigie muuza vitambaa, uliza bei ya jora la sare: dakika 10, weka 15.

Jumla ni saa 4 na dakika 45. Hapo acha. Robo saa iliyobaki haitafutiwi kazi.

Mpangilio uongozwe na kinachoweza kukatika. Penye mgao wa umeme, pasi na ovaloki (mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke) zitangulie, kukata kitambaa kusubiri. Ofisi za serikali Tanzania hufanya kazi saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, hivyo jambo la ofisini halikai mwisho wa orodha. Safari za upande mmoja ziunganishwe, ukienda kununua vifungo uchukue na uzi.

Siku ikianza, piga mstari chini ya kazi ya mwisho. Dharura ziandikwe chini ya mstari huo, hata zile ulizokwisha kufanya. Baada ya wiki mbili utaona zinakula muda gani, na zile saa 3 za wateja utazirekebisha kwa ushahidi. Alama tatu zinatosha: vema kwa iliyokwisha, mshale kwa inayohamia kesho, duara kwa inayomsubiri mtu mwingine, pamoja na jina lake na siku utakayomkumbusha. Saa 7 mchana ipitie upya. Simu iachie kazi ya kulia kengele tu. Ukiiweka orodha humo utafungua kutazama zipu na kujikuta kwenye WhatsApp.

Kazi ikipigwa mshale mara tatu, usiihamishe tena. Ama ni kubwa, ikate. Ama kuna kitu kinakosekana, kama mteja hajaleta bitana, basi kazi ya kweli ni kumpigia. Ama hutaifanya, basi mwambie mwenye nguo leo, umrudishie kitambaa na malipo ya awali.