Kutoka Sembe Hadi Dona: Namna ya Kubadili Mlo wa Nyumbani Hatua kwa Hatua

Anayetaka familia yake ile vizuri zaidi hana haja ya kuanza na vyakula vigeni ambavyo havipatikani katika soko la mtaani kwake. Aanze na kile kinachopikwa kila siku, na katika nyumba nyingi za Tanzania chakula hicho ni ugali wa sembe na mboga ya majani au maharage. Badiliko dogo katika sufuria ya kila siku lina faida kubwa kuliko saladi inayotengenezwa mara moja kwa mwezi, wageni wanapokuja. Jambo la pili ninalolisisitiza ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili unga, ukapunguza mafuta na ukaondoa chumvi siku hiyohiyo, walaji watasusa chakula na wewe hutajua ni lipi hasa lililowakera. Kwa maoni yangu, mpangilio unaofaa ni unga kwanza, mafuta baadaye, na chumvi mwisho, kwa kuwa ulimi huchelewa kuizoea chumvi iliyopungua.

Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa, yaani yaliyoondolewa ganda la nje pamoja na kiini. Sehemu hizo mbili, ambazo mashineni hutoka kama pumba na kupewa mifugo, ndizo zenye nyuzinyuzi nyingi, mafuta mazuri, vitamini za kundi B na sehemu kubwa ya madini ya punje. Ni kweli kwamba sembe ya paketi huweza kuwa imeongezwa virutubishi kiwandani, kama vile madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki, na mwenye kununua unga wa paketi anafanya vyema kuusoma mfuko kabla ya kulipa. Hata hivyo, nyuzinyuzi hazirudishwi kwa njia hiyo, na hizo ndizo zinazosaidia choo kuwa laini na kumfanya mlaji ashibe kwa ugali mdogo zaidi.

Unga wa dona husagwa punje ikiwa nzima, na hapo ndipo panapotakiwa uangalifu ambao watu wengi huusahau. Sumukuvu, ambayo hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, hujikusanya zaidi katika ganda na kiini. Maana yake ni kwamba ukobozi hupunguza sumu hiyo kwa kiasi, ilhali dona hubeba chochote kilichokuwamo katika punje. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi, wala kusonga ugali kwa moto mkali hakuiondoi. Kwa hiyo anayesaga dona anapaswa kuwa mkali kuhusu mahindi yake kuliko anayesaga sembe.

Kabla ya kupeleka mahindi mashineni, yapepete, kisha yamwage kidogo kidogo kwenye ungo mahali penye mwanga wa kutosha. Toa kila punje iliyopasuka, iliyotobolewa na wadudu, iliyobadilika rangi au yenye unga wa kijani, kijivu au mweusi. Usizionee huruma, na usiwape kuku, maana sumu hiyo huwadhuru wao pia. Ukitaka kupima ukavu, tafuta chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko, ijaze mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, itikise kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi na yanahitaji kuanikwa tena juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, mahindi yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Kipimo hicho kinahusu unyevu peke yake. Mahindi yaliyowahi kuota ukungu kisha yakakaushwa yatapita kipimo hicho huku sumu ikiwa bado imo, na ndiyo sababu kuchagua kwenye ungo hakuachwi.

Mwombe msagaji atumie chekecheke laini, kwa kuwa dona la chengachenga ndilo linalowafanya watoto walikatae. Saga kiasi cha kutosha wiki mbili au tatu tu. Kiini kina mafuta, na mafuta hayo huharibika unga unapokaa, ndipo unaposikia uchungu na harufu nzito ambayo watu hudhani ni tabia ya dona wakati ni dalili ya unga uliochakaa. Uweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na joto la jiko.

Sasa twende jikoni. Kwa watu watano au sita, chemsha lita 1 ya maji. Pembeni, koroga kikombe kimoja cha unga katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, umimine katika maji yanayochemka huku ukikoroga, na uache uji huo utokote kwa dakika saba hivi. Usiharakishe hatua hii. Dona huhitaji muda mrefu kuliko sembe ili ganda lilainike, na ugali wa dona unaokwaruza kooni kwa kawaida ni ule ambao uji wake haukuiva. Baada ya hapo ongeza unga kidogo kidogo, kwa kawaida vikombe vitatu, ukisonga kwa mwiko na kuukandamiza ukutani mwa sufuria, hadi uache kunata. Punguza moto, funika kwa dakika tano, kisha songa tena na uugeuze. Ugali ulioiva hunukia mahindi yaliyochomwa, na ukiumega na kuufinyanga mkononi hauachi unga vidoleni.

Familia ambayo haijazoea isihamishwe kwa siku moja. Anza kwa kuchanganya robo ya dona na robo tatu za sembe, na uongeze kila baada ya wiki moja au mbili. Dona likishakubalika, unaweza kujaribu nafaka nyingine: badala ya kikombe kimoja kati ya vinne, weka unga wa ulezi au wa mtama. Ulezi una kalsiamu inayozidi miligramu 300 katika kila gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii, na ugali wake una rangi ya kahawia na utamu wa mbali ninaoupenda sana pamoja na samaki wa kukaushwa. Mtama huufanya ugali uwe mwororo zaidi, na ukizidisha hushindwa kushikana. Andika vipimo vyako katika daftari la jikoni, kwa sababu mchanganyiko uliopendwa leo hauwezi kurudiwa wiki ijayo kwa kukumbuka tu.

Kuhusu mafuta, tatizo kubwa ni kuyamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kina mililita 15 na hubeba takriban kilokalori 120, na anayemimina kwa jicho huweza kutia vijiko sita bila kutambua. Tumia kijiko. Vijiko viwili vinatosha kwa mafungu ya mchicha ya familia nzima, iwapo utakaanga kitunguu kwa moto wa wastani na kuongeza kijiko cha maji kila kinapoanza kushika chini. Usiondoe mafuta kabisa, maana kiini cha vitamini A kilichomo katika majani ya kijani huhitaji mafuta kidogo ili mwili ukifyonze. Karanga za kusaga au tui jepesi la nazi vinaweza kuchukua nafasi ya mafuta hayo. Visiongezwe juu yake. Karanga nazo zichaguliwe kama mahindi, kwa sababu ileile ya sumukuvu.

Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, si baada yake, na mchicha upikwe kwa dakika chache ukiwa bado na rangi yake. Kisamvu ni kinyume chake: kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Magadi hulainisha mboga haraka, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B, tena huongeza sodiamu, na kwa hiyo sioni sababu ya kuyatumia pale ambapo muda na moto vinatosha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika mkate na vidonge vya mchuzi. Weka chumvi mwishoni mwa mapishi, ipunguze taratibu kwa wiki kadhaa, na uache kuweka kopo la chumvi mezani. Pengo linalobaki lizibwe kwa uchachu na harufu: ukwaju au embe bichi katika maharage, ndimu juu ya mchicha, tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa wakati huohuo, majani ya giligilani yakitiwa sufuria inapoepuliwa.

Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, jambo linalopunguza gesi tumboni na pia kuni au mkaa. Yachemshwe kwa nguvu kwa dakika 10 za mwanzo, hasa maharage mekundu, kwa sababu yasipoiva huumiza tumbo vibaya. Sahani ikipakuliwa, mboga ichukue nusu yake, ugali robo, na maharage, dagaa au samaki robo iliyobaki. Kwa mwenye kisukari kipimo hiki kina uzito kuliko aina ya unga, kwani bonge kubwa la dona nalo hupandisha sukari. Kamulia ndimu kwenye mboga ukiwa mezani, au ule chungwa au pera baada ya mlo, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani na maharage. Chai huyazuia madini hayo, hivyo inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.